Taqlid, Qalb na 'Aks: Maneno ya Kuiga na Kugeuza katika Elimu ya Sheria

 

Katika misikiti yetu neno "muqallid" limekuwa kama jiwe la kutupiana. Kijana aliyerudi masomoni humwambia mzee aliyemfundisha alifu kwa kijiti kwamba yeye ni muqallid tu, hana dalili. Mzee naye hujibu kwamba asiyefanya taqlid amejipa cheo cha Imamu Shafi'i. Wote wawili wanatumia neno moja, na kila mmoja ana maana yake kichwani. Tukasema ni bora tulirudishe neno hili kwao, yaani kwa Waarabu waliolisema mwanzo na kwa maulamaa waliolipa istilahi, kisha tuyatazame na ndugu zake: maneno ya kuiga na maneno ya kugeuza. Msomaji ataona kuwa makundi haya mawili, ijapokuwa yanaonekana yako mbali, yanakutana mahali ambapo hakupatarajia.

Kidani shingoni

Asili ya taqlid ni herufi tatu: qaf, lam na dal. Katika lugha ni kuvisha kitu shingoni. Kidani kinaitwa qilada, na wingi wake ni qala'id. Neno hili la wingi limo ndani ya Qur'ani mara mbili, na zote zimo katika Suratul Maida, aya ya 2 na aya ya 97, pale Mwenyezi Mungu anapotaja heshima ya wanyama wanaopelekwa kuchinjwa Makka na vigwe vyao. Waarabu walikuwa wakimvisha mnyama wa hadyi kigwe shingoni ili kila atakayemwona njiani ajue kuwa huyu ni wa Nyumba Tukufu, asimnyang'anye wala asimzuie. Basi taqlid ya kwanza haina ndani yake mtu anayemwiga mtu. Ni alama, na ni amana.

Hapa tunaomba tusimame kidogo, kwa sababu ipo hadithi katika Bukhari na Muslim ambayo watu huipita haraka wakidhani inahusu kamba tu. Ziyad bin Abi Sufyan alimwandikia Bibi Aisha (r.a.) kwamba Abdullah bin Abbas anasema mwenye kupeleka hadyi Makka, hata kama yeye mwenyewe amebaki kwao, huharamishiwa yale yanayomharamikia anayehiji mpaka mnyama achinjwe. Bibi Aisha akakataa. Akaeleza kuwa yeye mwenyewe alisokota vigwe vya hadyi ya Mtume (s.a.w.) kwa mikono yake, na Mtume akawavisha wanyama kwa mkono wake, kisha akawapeleka pamoja na Abu Bakr, baba yake Aisha, na hakikumharamikia Mtume kitu chochote alichohalalishiwa na Mwenyezi Mungu. Riwaya nyingine inataja kuwa vigwe hivyo vilikuwa vya sufu. Az-Zuhri amepokea kwamba kauli hii ya Bibi Aisha ilipowafikia watu waliishika na wakaiacha fatwa ya Ibn Abbas. Na Ibn Abbas ni nani? Ni bahari ya elimu. Lakini watu waliposikia dalili kutoka kwa aliyesokota kamba mwenyewe hawakusema "sisi tuko na Ibn Abbas". Kwa hiyo hadithi ya taqlid ya wanyama ndiyo hiyo hiyo inayotufundisha namna masahaba na waliowafuata walivyotazama taqlid ya watu, na hakuna aliyemvunjia Ibn Abbas heshima yake.

Kutoka shingo ya mnyama neno likapanda begani kwa mtu. Waarabu husema mtu ametaqallad upanga, yaani ameuvaa kwa mkanda wake begani. Kisha likaingia katika utawala: mtawala anapompa mtu kazi, huwa amemvisha jukumu shingoni. Imamu Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), katika Al-Ahkam As-Sultaniyya ameutumia mtindo huu tangu kwenye milango ya kitabu, kwani mlango wa uwaziri na mlango wa ugavana wa miji yote miwili ameipa jina la taqlid. Akifika kwenye ukadhi anasema kuwa inajuzu kwa mwenye madhehebu ya Shafi'i kumfanyia taqlid ya ukadhi mwenye madhehebu ya Abu Hanifa. Mwanafunzi anayeijua maana moja tu ya neno atashika kichwa, atadhani Mawardi ameruhusu Mshafi'i amwige Mhanafi. Makusudio yake ni kumteua. Na sababu anayoitoa ndiyo inayopendeza zaidi: kadhi huhukumu kwa ijtihadi yake, wala hamlazimu kumfuata imamu wa madhehebu katika kila kesi inayomjia. Yaani katika taqlid hii, aliyevishwa kidani amevishwa ili asiige! Neno limegeuka likawa kinyume cha lile tunalotupiana.

Jambo hili halikubaki vitabuni. Hapa kwetu Unguja, masultani wa Al-Busaidi walikuwa Ibadhi, na raia wengi walikuwa Shafi'i. Masultani hao waliweka makadhi wa Kiibadhi na makadhi wa Kisunni pamoja. Sheikh Muhyiddin Al-Qahtani, mzaliwa wa Barawa aliyefariki mwaka 1869, alikuwa kadhi Mshafi'i katika zama za Sayyid Said. Baada yake alikuja Sayyid Ahmad bin Sumayt (1861–1925), naye ni Mshafi'i ambaye jina lake linajulikana hadi Hadhramaut. Mtawala Ibadhi aliwavisha ukadhi bila ya kuwavisha madhehebu yake.

Maana ya maulamaa wa usul

Maana ya tatu ndiyo iliyozaa ugomvi. Imamu Al-Ghazali (aliyefariki 505 H / 1111) ameieleza taqlid katika Al-Mustasfa kuwa ni kuikubali kauli bila ya hoja. Maelezo mafupi, lakini angalia anachokitoa ndani yake. Kumfuata Mtume (s.a.w.) hakuitwi taqlid, kwa kuwa ukweli wake umethibiti kwa muujiza. Na mtu wa kawaida anayemwuliza mufti naye, kwa mujibu wa maelezo hayo, hafanyi taqlid, kwa sababu ijmai imemwajibisha kumrejea mwenye elimu, na ijmai ni hoja. Ghazali anamweka pamoja na kadhi anayepokea ushahidi wa mashahidi wawili waadilifu. Maulamaa wengine hawakukubaliana naye katika matumizi hayo ya neno, wakamwita mtu wa kawaida muqallid, kisha wakasema taqlid yake inajuzu au inamlazimu. Ukiwasikia wawili hawa wakijadiliana utadhani wanapingana katika hukumu, kumbe aghalabu wametofautiana katika jina. Mmoja anasema asiyejua aulize, na haiitwi taqlid. Mwingine anasema asiyejua aulize, na ndiyo taqlid. Muulizaji ameuliza kwa hali zote mbili.

Na kwa nini walichagua neno la shingo? Wengi hudhani kuwa muqallid ndiye aliyefungwa kamba akakokotwa kama ng'ombe. Ash-Shawkani (aliyefariki 1250 H / 1834), ambaye ni katika watu wakali kabisa juu ya taqlid, ametaja katika Irshad Al-Fuhul asili iliyo kinyume cha hivyo: muqallid ameichukua ile hukumu akaivisha kama kidani shingoni mwa mujtahid aliyemfuata. Anayebeba ni imamu. Ikiwa hivi ndivyo, basi neno hili halikuwekwa kumtukana anayefuata, bali linamtisha anayefuatwa. Kila anayepanda mimbari na kusema "hii halali, hii haramu" anavishwa vidani vya watu mmoja baada ya mmoja, na Siku ya Kiyama shingo ni yake.

Imamu Shafi'i mwenyewe (aliyefariki 204 H / 820) amelitumia neno hili kwa namna mbili. Mwanafunzi wake Al-Muzani, mwanzoni kabisa mwa Mukhtasar yake, anamjulisha msomaji kuwa Shafi'i amekataza kumfanyia taqlid yeye au mwingine asiyekuwa yeye. Na Ibn Al-Qayyim (aliyefariki 751 H / 1350) katika I'lam Al-Muwaqqi'in, anapozitaja hoja za wanaojuzisha taqlid, ananukuu kwao kwamba Shafi'i katika baadhi ya masuala amesema wazi kuwa ameshika kauli fulani kwa taqlid ya Umar, na nyingine kwa taqlid ya Uthman. Hakuna mgongano hapa kwa anayezingatia. Kuichukua kauli ya sahaba mkubwa pale ambapo hakuna nassi ni jambo moja, na kufumba macho mbele ya hadithi sahihi kwa ajili ya imamu ni jambo jingine. Ibn Abdil-Barr wa Andalus, aliyefariki mwaka 463 Hijria, ametaka kuyatenganisha hayo mawili kwa kuyapa majina mbalimbali: aliye na hoja ameliita tendo lake ittiba', asiye na hoja ndiye mwenye taqlid.

Shah Waliullah wa Delhi (aliyefariki 1176 H / 1762) alipoandika risala yake juu ya ijtihadi na taqlid aliipa jina la 'Iqd Al-Jid, yaani kidani cha shingo. Alijua mchezo wa neno alioufanya, na ndani ya risala hiyo anakwenda kati kwa kati, hawatupi maimamu wala hawaabudu. Katika mwambao wetu njia ya namna hii ilishikwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Al-Mazrui (1891–1947) wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na mwanafunzi wake Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982). Wote wawili walisoma fiqhi ya Shafi'i kama ilivyosomwa na wakubwa wao, wakawa makadhi wakuu, na wote wawili waliambiwa wameacha njia ya wazee. Sisi tunaona waliowalaumu kwa kuacha taqlid hawakusoma ukurasa wa kwanza wa Muzani.

Yapo na maneno mengine ya kuiga, nayo tutayapitia kwa haraka. Uswa, lililomo katika Suratul Ahzab aya ya 21, ni kigezo chema, na kuiga huku kumeamrishwa. Tashabbuh ni kujifananisha, nayo imo katika hadithi ya Abu Daud inayosema kuwa mwenye kujifananisha na watu huhesabiwa kuwa ni wao. Muhakat ni kumwigiza mtu sauti yake, mwendo wake au kilema chake. Bibi Aisha alimwigiza mtu, Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa yeye hapendi kumwigiza mtu hata apewe kadha wa kadha. Cha ajabu ni kuwa neno hili lina mzizi mmoja na hikaya, ambayo sisi tumeichukua kwa maana ya kisa. Al-Jahiz, katika Al-Bayan wat-Tabyin, bado anamtaja hakiya kwa maana ya mwigizaji, mtu anayeweza kuziiga lahaja za watu wa miji mbalimbali wewe ukadhani unawasikia wenyewe. Kwa hiyo kabla hikaya haijawa kisa cha kusimuliwa ilikuwa kumtoa mtu kama alivyo. Msimulizi anayetia chumvi amelisaliti neno lake.

Moyo unaogeuka

Tukija upande wa kugeuza, mama wa maneno yote ni qalb. Ni kulifanya la juu liwe chini, au la mbele liwe nyuma. Moyo umeitwa qalb, wamesema wenye lugha, kwa wingi wa kugeuka kwake, na katika Tirmidhi imo dua ya Mtume (s.a.w.) ya kumwomba Mwenye kuzigeuza nyoyo authubutishe moyo wake katika dini. Hata kalibu ya mafundi, ambayo sisi tumeichukua kama ilivyo, imewekwa na wenye kamusi chini ya mzizi huu huu, ingawa wamesema ni neno la kigeni lililoarabishwa. Nacho ni chombo cha kutolea mfano wa kitu, yaani cha kuiga.

Inqilab katika Qur'ani mara nyingine ni kurudi nyumbani tu, kama katika Suratul Inshiqaq aya ya 9, ambapo mja aliyepewa kitabu chake kwa mkono wa kulia anarudi kwa watu wake na furaha. Katika dua ya safari, iliyomo Suratuz Zukhruf aya ya 14, ni marejeo yetu kwa Mola wetu. Lakini katika Al-Imran aya ya 144 ni kugeuka na kurudi nyuma kwa visigino, na hilo ni lawama. Waajemi wakalichukua kwa maana ya mapinduzi, na ndivyo walivyoyaita mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979. Waarabu wa zama hizi huyaita hayo thawra, na inqilab kwao ni wanajeshi kunyang'anya serikali. Neno moja, Tehran sifa na Cairo tuhuma. Sisi tulitumia neno letu, kupindua, na tangu tarehe 12 Januari 1964 mtu wa Unguja akisema Mapinduzi hana haja ya kueleza ni yapi.

Watu wa hadithi wana istilahi ya maqlub, hadithi iliyopinduka. Mara nyingine hupinduka jina la mpokezi, Ka'b bin Murra akawa Murra bin Ka'b, na Al-Khatib Al-Baghdadi ametunga kitabu kizima juu ya majina yaliyogeuzwa. Mara nyingine hupinduka maneno yenyewe. Hadithi ya watu saba watakaopata kivuli cha Mwenyezi Mungu kila khatibu anaihifadhi, na katika hao yuko mwenye kutoa sadaka kwa siri. Katika Muwatta na katika Bukhari, mkono wake wa kushoto haujui ulichokitoa wa kulia. Katika Sahih Muslim imekuja riwaya ambayo mkono wa kulia ndio usiojua ulichokitoa wa kushoto. Qadhi Iyadh na An-Nawawi wameizindua kuwa imepinduka, kwani inayojulikana katika kutoa ni mkono wa kulia. Wameyasema haya juu ya kitabu ambacho umma umekipokea kwa kukubali, na heshima ya Muslim haikupungua kwao hata kidogo.

Kisa mashuhuri cha mlango huu ni cha Imamu Bukhari (aliyefariki 256 H / 870) alipoingia Baghdad. Wenye hadithi walichukua hadithi mia moja, wakabadilisha sanadi zake, ya hii wakaipa ile, wakawagawia watu kumi, kila mtu hadithi kumi. Kila aliyesoma Bukhari alimjibu kuwa haijui. Walipokwisha wote, akamgeukia wa kwanza akamrudishia hadithi zake moja moja, namna alivyozisoma na namna zilivyo, mpaka akawamaliza wote kumi. Ibn Hajar (aliyefariki 852 H / 1449) amesema la ajabu si kwamba Bukhari aliijua sahihi, kwani hiyo ndiyo kazi yake. La ajabu ni kuhifadhi makosa kwa mpangilio waliyomletea, kwa kusikia mara moja. Tunaongeza kuwa kisa hiki kimepokewa na Ibn Adi kutoka kwa mashekhe wasiotajwa majina, na wapo waliokizungumza kwa ajili hiyo. Ndio uadilifu wa elimu hii, hata kisa cha kumsifu imamu wa sanadi huulizwa sanadi yake.

Watoto wetu wa pwani nao wana qalb yao, wanaiita kinyume. Huchukua silabi ya mwisho wakaipeleka mbele, kitabu kikawa "bukita", wakasema siri mbele ya mkubwa asijue. Tofauti ni kuwa wao wanajua walichokigeuza.

Katika usul qalb ni silaha ya mjadala: unaichukua dalili ya mwenzako, unaigeuza, inampiga mwenyewe. Mfano wao maarufu ni wa itikafu. Mhanafi anasema itikafu ni kukaa mahali, na kukaa peke yake si ibada mpaka kuungane na jambo jingine, kama kusimama Arafa. Basi lazima iambatane na saumu. Mshafi'i anamjibu: naam, ni kukaa mahali, basi saumu haikuwa sharti yake, kama kusimama Arafa. Asili ni ile ile, sababu ni ile ile, na hukumu imepinduka. Anayesoma hili hatakuwa mwepesi wa kusema "dalili ninayo, basi nimemaliza".

Katika biashara iko qalb ya deni. Deni linafika muda wake, mdaiwa hana kitu, mdai anamkopesha tena kwa muamala mpya wenye ziada ili alipe lile la zamani. Deni limegeuzwa, na limekuwa kubwa zaidi. Ibn Taymiyya amelikataza vikali kwa mdaiwa asiyejiweza, kwa kuwa Suratul Baqara aya ya 280 imempa huyo haki ya kungojewa mpaka afarijike. Leo mtu anakopa kwenye simu ili alipe mkopo mwingine wa simu, na anadhani jambo hili ni geni kwa vitabu vya fiqhi.

Kioo

Limebaki neno la 'aks. Katika lugha ni kukirudisha kitu nyuma, mwanzo wake kwenye mwisho wake. Wenye mantiki hulitumia kwa kugeuza kauli: kila mtu ni kiumbe hai, basi baadhi ya viumbe hai ni watu, wala husemi kila kiumbe hai ni mtu. Wenye fiqhi wana qiyasi ya 'aks, na dalili yake ni hadithi ya Abu Dharr katika Sahih Muslim. Masahaba walistaajabu vipi mtu akidhi haja yake kwa mkewe kisha apate thawabu. Mtume (s.a.w.) akawauliza kama angeiweka katika haramu, je, si angepata dhambi? Basi na akiiweka katika halali ana ujira. Hukumu ya jambo imejulikana kwa kupindua kinyume chake.

Lakini neno hili limekwenda njia nyingine. Mwanga ukipiga kioo hurudi, na sura ikarudi pamoja nao. Kwa hiyo 'aks ikawa pia sura ya kiooni, na sisi tukapata kuakisi. Waajemi wakalifanya kuwa picha ya kamera, na Kiurdu kikawafuata kwa sura na kivuli. Hapa ndipo kuiga na kugeuza vilipokutana, kwani sura ya kiooni inakufuata katika kila unalolifanya, na mkono wako wa kulia kwake ni wa kushoto.

Na msidhani hili ni la lugha tupu. Kamera ilipoenea Misri, maulamaa waligawanyika. Waliosema picha ile ni taswir waliiingiza katika hadithi za makemeo kwa wachoraji. Sheikh Muhammad Bakhit Al-Muti'i (1854–1935), aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala yake Al-Jawab Ash-Shafi akasema kuwa taswir iliyokatazwa ni kuleta sura ambayo haikuwepo, kwa kumwiga Muumba katika kuumba kwake, na kamera haikuleta kitu: imekizuia kivuli kilichokuwepo, mfano wa sura ya kiooni, na hakuna aliyesema kutazama kioo ni haramu. Waliompinga walijibu kuwa sura ya kiooni huondoka mwenyewe akiondoka, na hii ya kamera hubaki. Kila upande ulikuwa na maulamaa wakubwa, na mzozo wote ulisimama juu ya swali moja: jambo hili tuliite kuiga au tuliite kuakisi.

Wallahu aalam.